Kijana anataka gari dogo la spoti lililotembea sana: Mzazi aangalie nini kabla fedha haijatoka

Mshahara ukishazoeleka, vijana wengi mijini huwaza gari kabla ya kuwaza kiwanja. Na si gari lolote. Kijana wa miaka 25, awe wa kiume au wa kike, hataki gari la kubebea viroba vya mkaa. Anataka dogo, lililokaa chini, lenye rimu kubwa na mlio unaojulikana mtaa mzima. Fedha aliyonayo haitoshi kuagiza kutoka Japan, hivyo macho yanaishia kwenye Toyota Runx, Altezza, Suzuki Swift Sport au Subaru Impreza iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu, yenye kilomita 180,000 kwenye dashibodi.

Habari ikifika sebuleni, kila mtu ana lake. Mama anasema gari limechoka. Baba anauliza kwa nini asinunue IST kama watu wengine. Wadogo zake wameshaona picha kwenye simu na wanagombania nani atakaa mbele. Kijana mwenyewe ameshampa dalali kishika uchumba cha laki mbili, na Jumamosi anatakiwa kumalizia.

Mazungumzo ya namna hii huishia pabaya kwa njia mbili. Ama mzazi anakataa katakata na kijana ananunua kimyakimya, ama mzazi anaongeza milioni mbili ili yaishe. Kati ya hizo mbili ipo kazi ambayo mzazi anaweza kuifanya vizuri kuliko mtu yeyote: kuhakikisha gari linakaguliwa na macho ya mtu ambaye hajalipenda. Kijana ameshalipenda. Dalali anataka chake. Mtu pekee asiye na haraka hapo ni mzazi.

Kilomita nyingi si ugonjwa

Kilomita 180,000 zinashtua, lakini namba hiyo peke yake haisemi mengi. Gari lililotembea kilomita 180,000 kwenye barabara kuu, kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, injini yake imefanya kazi saa 3,000. Gari lililotembea kilomita 80,000 tu, lakini kwenye foleni za Mbagala, Kimara na Tabata kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, injini yake imefanya kazi saa 4,000. La pili lina namba ndogo kwenye dashibodi, lakini limekanyagiwa breki mara nyingi zaidi na limebadili gia mara nyingi zaidi.

Kinachomaliza injini haraka kuliko kilomita ni oili iliyocheleweshwa, maji ya bomba yaliyojazwa kwenye rejeta badala ya kulanti, na dereva anayewasha gari asubuhi na kulikamua hapohapo kabla halijapata moto. Gari lililobadilishiwa oili kwa wakati miaka yote linaweza kuvuka kilomita 200,000 bila injini kufunguliwa. Lililopuuzwa linaweza kufa kabla ya 100,000.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si "limetembea kilomita ngapi?" bali "nani alikuwa analihudumia, na wapi?" Mwenye gari aliyelitunza anamtaja fundi wake, ana risiti kwenye droo, anakumbuka ni lini alibadilisha klachi. Asiyelitunza ana jibu moja: "Gari halina tatizo, ni kuwasha na kuondoka."

Namba ya dashibodi inaweza kurudishwa

Kuna jambo jingine. Kilomita zinazosomeka si lazima ziwe za kweli. Wapo wanaozirudisha nyuma, na dashibodi ya kidijitali haizuii hilo. Ushahidi huachwa sehemu nyingine za gari.

Dashibodi ikisema 78,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma, usukani umekuwa laini kama sabuni na kiti cha dereva kimechanika upande wa kushukia, kuna mtu anadanganya. Vibandiko navyo husaidia. Magari kutoka Japan mara nyingi huja na kibandiko kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti kinachoonyesha oili au mkanda wa taimingi ulibadilishwa gari likiwa na kilomita ngapi. Mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao: enzi ya Heisei ilianza 1989, hivyo "20" kwenye kibandiko cha zamani ni mwaka 2008. Kibandiko kikisema kilomita 110,000 mwaka 2008 na dashibodi leo inasema 95,000, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Japan gari binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Hati ya usafirishaji inayotolewa gari linapoondoka kule huonyesha kilomita hizo. Mwenye gari aliyeagiza mwenyewe huwa nayo. Kuiomba si ukorofi.

Tena, namba ya usajili isimpumbaze mtu. Wauzaji hupenda kusema "hii ni namba E" kana kwamba gari limetoka kiwandani jana. Herufi hizo huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. Runx iliacha kutengenezwa mwaka 2006. Hata yenye namba E, basi, ni gari la mwaka huo au kabla yake.

Spoti ya kweli na spoti ya nguo

Magari mengi yanayouzwa kama ya spoti ni ya kawaida yaliyovalishwa. Bampa la kubandika, spoila na ekzosi pana havibadilishi injini. Namba ya chesisi ndiyo inayosema ukweli. Runx inayoanza na NZE121 ni ya lita 1.5, gari la kawaida la kwendea kazini. Inayoanza na ZZE123 ndiyo Runx Z yenye injini ya 2ZZ-GE, lita 1.8, nguvu za farasi 190. Swift Sport ya kizazi kilichoanza 2005 ni ZC31S, injini ya lita 1.6. Altezza yenye silinda nne ni SXE10, ya silinda sita ni GXE10.

Mzazi akigundua kwamba "spoti" anayoitaka mwanawe ni Runx ya lita 1.5 yenye mapambo, anaweza kushusha pumzi. Hiyo ni rahisi kutunza. Kinachobaki ni kukataa kulipia mapambo kama injini.

Ikiwa ni spoti ya kweli, tahadhari iongezeke, kwa sababu mtu hanunui gari la namna hiyo ili aliendeshe polepole. Injini ya 2ZZ-GE hubadilisha tabia inapokaribia mizunguko 6,000 kwa dakika, na ndiko wenye nazo hupenda kuipeleka. Inataka oili safi na ya kutosha wakati wote. Altezza zote mbili na Impreza za turbo za miaka hiyo hutumia mkanda wa taimingi. Kwa Impreza mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali hugonga pistoni na gharama yake inaweza kukaribia bei ya injini nyingine. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba mkanda umebadilishwa, mnunuzi ahesabu kwamba haujabadilishwa.

La kuogopa zaidi ni gari lililokatwa springi ili likae chini. Linavutia kwenye picha, lakini kwenye matuta na barabara za mitaani linapiga chini, shokapu hazifanyi kazi yake, na kwenye kona ya kasi matairi yanaweza kupoteza mshiko. Springi za kiwandani zirudishwe kabla ya safari ya kwanza, na gharama ikatwe kwenye bei.

Ukaguzi ni asubuhi, injini ikiwa baridi

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njia ya kulilalia gari kabla ya kulinunua ni kulikuta limelala. Mnunuzi afike asubuhi, pamoja na fundi wake mwenyewe, si fundi aliyeletwa na dalali. Aguse boneti. Ikiwa ni ya moto, limewashwa mapema kuficha kitu.

Kabla ya kuwasha, fundi avute kijiti cha oili na kufungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama uji chini ya kifuniko unaweza kumaanisha maji yanaingia kwenye oili. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe sasa injini ikiwa baridi, kamwe isiwe ya moto. Rangi ya kutu humo ndani inaonyesha gari lilikuwa linakunywa maji ya bomba.

Ufunguo ukizungushwa bila kuwasha injini, taa za dashibodi zote ziwake: ya injini, ya oili, ya mifuko ya hewa. Zizimike baada ya gari kuwaka. Taa ya injini isiyowaka kabisa si dalili ya uzima. Huenda mtu ameitoa.

Kisha moshi. Wa bluu maana yake injini inachoma oili. Mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, maana yake inachoma kulanti. Mweusi ni mafuta yanayozidi. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache hauna neno.

Gari lijaribiwe angalau nusu saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwenye foleni, kwenye barabara mbaya na kwenye lami ya wazi. Giaboksi ya otomatiki isichelewe kuingia wala isishtuke. Ya manyuo, dereva akikanyaga mafuta kwenye gia ya juu, mlio usipande huku mwendo ukibaki palepale, kwa kuwa hiyo ni klachi inayoteleza. Mwisho fundi apime gari kwa kompyuta na, kwa injini ya spoti, apime mgandamizo wa kila silinda. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na injini.

Kwa Dar es Salaam liongezwe jambo moja: mafuriko. Mvua kubwa huacha magari majini Jangwani na mabondeni, na baadaye baadhi hupakwa rangi na kuuzwa. Mikanda ya viti ivutwe yote hadi mwisho. Tope au mstari wa maji kwenye sehemu ambayo huwa imejikunja ndani hauwezi kuelezwa na muuzaji. Zulia nalo linuswe, na reli za viti ziangaliwe kama zina kutu.

Yanayookoa maisha

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ndiyo maana mzazi hapaswi kuwaachia vijana wenyewe sehemu hii ya ukaguzi. Injini mbovu humwacha mtu njiani. Breki mbovu haimwachi.

Tairi lina tarehe yake. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye vishipa vizuri lakini umri wa miaka kumi ni mpira mgumu, hazishiki lami kwenye mvua. Tairi lililolika upande mmoja linasema bushi au mpangilio wa magurudumu una shida.

Mifuko ya hewa ina habari yake pia, na wazazi wengi hawajaisikia. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yalifungwa mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo ilifilisika mwaka 2017. Kemikali inayopuliza mfuko, amoni nitrati, huharibika taratibu kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikiharibika, chombo kinacholipua gesi kinaweza kupasuka wakati wa ajali na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watengenezaji wakubwa, wakiwemo Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru, waliyaita mamilioni ya magari yarudishwe kubadilishiwa kifaa hicho.

Gari lililouzwa nje ya Japan kabla ya kubadilishiwa linaweza kuwa bado lina kifaa cha zamani, na joto lenye unyevu la Dar, Tanga na Zanzibar ndilo hasa linaloharibu kemikali hiyo. Namba ya chesisi ikipelekwa kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, au ikiingizwa kwenye ukurasa wa kampuni hiyo kule Japan, inaweza kuonyesha kama gari limo kwenye orodha. Ni kazi ya dakika chache, na ni ya kufanya kabla ya kulipa.

Hesabu ya kweli

Kosa la kawaida ni kutumia fedha yote kwenye bei. Kijana ana milioni 10, ananunua gari la milioni 10, na wiki ya pili anampigia mama simu kuomba ya tairi.

Hesabu salama ni hii: mwenye milioni 10 atafute gari la milioni 8. Mbili zinazobaki zigharamie oili na filta zote, plagi, mkanda wa taimingi kama upo, breki, tairi mbili au nne, uhamishaji wa umiliki na bima. Kisha aulize bei ya spea kabla ya kununua, si baada. Spea za Runx ya kawaida zinapatikana Kariakoo kila kona. Za 2ZZ-GE au za turbo hutafutwa, na mara nyingi zinazopatikana zimetumika.

Mafuta nayo yahesabiwe. Injini za Runx Z na Swift Sport zina mgandamizo mkubwa, na Japan zilielekezwa kutumia petroli ya kiwango cha juu. Kuzijaza mafuta ya kwenye chupa za barabarani ni kuziua. Bandu bandu huisha gogo: mshahara wa kwanza unaweza kuisha kwenye tangi bila mtu kuona ulikokwenda.

Kuhusu bima, wengi huchukua bima ndogo kwa sababu ni nafuu. Bima hiyo hulipa madhara aliyopata mtu mwingine. Gari la kijana likibondeka ni hasara yake mwenyewe. Anayeingiza akiba ya miaka mitatu kwenye gari aulize bei ya bima kubwa kabla ya kuamua, na aulize pia kama kampuni inakubali gari la umri huo.

Karatasi zisiwe za haraka

Kadi halisi ionekane, si picha kwenye simu, na jina lililo kwenye kadi liwe la mtu anayeuza. Kadi iliyo "kwa ndugu" au "benki" mara nyingine maana yake gari limewekwa dhamana ya mkopo. Namba ya chesisi kwenye kadi ilinganishwe na iliyogongwa kwenye chuma. Madeni ya faini za trafiki huangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, fedha ipite benki, na umiliki uhamishwe TRA mapema. Gari likigonga mtu likiwa bado kwenye jina la mwenye zamani, usumbufu unakuwa wa familia mbili.

Kabla ya kukabidhiana ufunguo

Baada ya fundi kusema yake, yabaki mazungumzo ya mzazi na mwanawe. Yawe ya watu wazima wawili, kwa sababu kijana anayefanya kazi hatasikia amri.

Makubaliano yawe machache na ya wazi. Nani analipia matengenezo? Kama mzazi amechangia, je, ni zawadi au ni mkopo? Nani mwingine ataruhusiwa kuendesha? Marafiki huomba gari la spoti zaidi ya wanavyoomba IST, na jibu la "baba amekataa" humsaidia kijana asiyejua namna ya kukataa. Mdogo wake akipanda, mkanda ufungwe, hata kama ni kwenda dukani. Safari ya kwanza ya mkoani mwezi Desemba isiwe ya usiku.

Juu ya mwendo, maelezo yanashinda vitisho. Kwenye makazi ya watu kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inapaswa kuizima huongezeka mara nne. Kijana aliyenunua gari kwa sababu ya nguvu zake anaielewa hesabu hiyo haraka, hasa akiambiwa na mtu ambaye hakumkatalia gari.

Na kama ukaguzi umeonyesha moshi wa bluu, tope kwenye mkanda wa kiti au kadi isiyoeleweka, mzazi amsaidie kijana kuondoka. Laki mbili za kishika uchumba zitauma, na dalali atasema kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu. Amwache anunue. Altezza na Swift zipo nyingi, na Jumamosi nyingine ipo wiki ijayo. Muuzaji asiyetaka gari lake lionekane asubuhi likiwa baridi, mbele ya fundi wa mnunuzi, ameshajibu swali lote ambalo familia ilikuwa nalo.